Maisha ya Carver, Mwalimu wa Karanga

Ndugu msomaji, karanga unazijua. Kama unakaa Mpanda, Inyonga, Karema au Majimoto, pengine umezilima mwenyewe. Umezipanda mvua za kwanza ziliponyesha. Umezipalilia, umezing'oa, umezianika juani. Umezila zimechemshwa na maganda yake. Umezila zimekaangwa kwa chumvi. Umekula kisamvu kilichoungwa kwa karanga zilizotwangwa, ukaramba vidole.

Lakini je, umewahi kuoka biskuti za karanga nyumbani kwako? Hapa utasoma habari za mtu aliyezaliwa mtumwa, akawa mwalimu mkubwa, na akawafundisha wakulima maskini kuoka biskuti hizo. Mtu huyo aliitwa George Washington Carver. Jina lake la mwisho hutamkwa Kava. Alikuwa Mmarekani mweusi. Wazee wake wa zamani walichukuliwa Afrika kwa nguvu, wakauzwa ng'ambo ya bahari.

Mtoto aliyelipiwa farasi

George alizaliwa karibu mwaka 1864 katika jimbo la Missouri, nchini Marekani. Mwaka wenyewe haukuandikwa. Mtumwa alihesabiwa kuwa mali, na mali haiandikiwi siku ya kuzaliwa. Mama yake aliitwa Mary. Alikuwa mtumwa wa mkulima mzungu aliyeitwa Moses Carver, karibu na kijiji cha Diamond.

Wakati huo Marekani ilikuwa vitani. Watu wa kaskazini walipigana na watu wa kusini, na jambo kubwa lililowagombanisha lilikuwa utumwa. Vita vilileta wanyang'anyi. Usiku mmoja walivamia shamba la Moses, wakamteka Mary pamoja na George, ambaye alikuwa bado mtoto mchanga. Waliwapeleka jimbo la Arkansas.

Moses alimtuma mtu awafuate. Mtu yule alirudi na mtoto peke yake. Mtoto alikuwa mgonjwa sana, karibu ya kufa. Mama hakuonekana tena. Kwa kazi yake, mtu yule alipewa farasi wa mashindano.

Utumwa ulikomeshwa nchi nzima mwaka 1865. George na kaka yake Jim walilelewa na Moses na mkewe Susan. Jim alikuwa na nguvu, akaenda shambani. George alikuwa dhaifu, kila mara anakohoa, kwa hiyo alibaki nyumbani na Susan. Huko alijifunza kupika, kufua, kushona na kufuma. Msomaji mwanamume, usicheke. Kazi hizo za jikoni na za kufua ndizo zilizomsomesha baadaye, kama utakavyoona.

Alipopata nafasi aliingia porini. Alichimbua miche ya mwituni na kuipanda mahali pa siri, akaitunza. Majirani waliokuwa na maua yanayonyauka walimwita ayatazame. Wakamwita daktari wa mimea, naye hajui hata kusoma vizuri.

Kutafuta shule

Shule ya karibu haikupokea watoto weusi. George alipokuwa na umri wa miaka 11 au 12 hivi, alitembea kwa miguu hadi mji wa Neosho, ambako ilikuwapo shule ya watoto weusi. Hakuwa na ndugu huko. Mama mmoja mkunga, Mariah Watkins, na mumewe Andrew walimpokea. George alilipa kwa kazi. Wakati wa mapumziko alirukia uzio, akaja kufua nguo, huku kitabu kimefunguliwa mbele yake.

Kutoka hapo alikwenda jimbo la Kansas. Alihama mji hadi mji kutafuta darasa la juu zaidi. Aliwapikia watu, aliwafulia, akalipa ada. Katika mji wa Fort Scott, mwaka 1879, aliona kundi la wazungu wakimwua mtu mweusi bila hukumu ya mahakama. Aliuhama mji ule mara moja.

Alipomaliza masomo ya sekondari aliandika barua kuomba nafasi katika chuo kimoja cha Kansas. Chuo kilimkubali kwa barua. Alifunga safari. Alipofika na kuonekana kuwa ni mweusi, alifukuzwa mlangoni. Wengi wangekata tamaa. Yeye alikwenda kulima katika nyanda kavu za Kansas, akaishi katika nyumba aliyoijenga kwa mabonge ya udongo na nyasi.

Mwaka 1890 chuo kingine, Simpson College katika jimbo la Iowa, kilimpokea. Alisoma uchoraji na muziki. Aliendelea kuishi kwa kufua nguo za wanafunzi wenzake. Mwalimu wake wa uchoraji aliona kwamba anapenda sana kuchora mimea, akamshauri asome kilimo. Mwaka 1891 alihamia chuo cha kilimo cha Iowa, mji wa Ames. Alikuwa mwanafunzi mweusi wa kwanza pale. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1894, na ya pili mwaka 1896. Yule mtoto wa farasi sasa alikuwa na umri wa miaka 30 na zaidi kidogo, na alikuwa mtaalamu wa magonjwa ya mimea.

Tuskegee

Katika mwaka huo wa 1896 alipata barua kutoka kusini, jimbo la Alabama. Mwandishi alikuwa Booker T. Washington, naye pia aliyezaliwa mtumwa. Alikuwa ameanzisha chuo cha watu weusi mahali panapoitwa Tuskegee, akamwomba Carver aje kufundisha kilimo. Carver angeweza kubaki Iowa na kuishi vizuri. Alikwenda Tuskegee, na hakuondoka hadi kufa kwake, miaka 47 baadaye.

Alichokiona huko kilimsikitisha. Hapakuwa na vyombo vya kufundishia. Aliwatuma wanafunzi kwenye majalala. Waliokota chupa, vifuniko, masufuria mabovu na taa za zamani. Kwa vitu hivyo alitengeneza maabara yake ya kwanza.

Ardhi nayo ilikuwa imechoka. Watu walilima pamba tu, mwaka hadi mwaka, hadi mlango wa nyumba. Mkulima wa tumbaku wa Mpanda anaelewa jambo hili: shamba lililotoa vizuri mwaka wa kwanza, mwaka wa nne linakusuta. Zaidi ya hayo, wakulima wengi weusi hawakuwa na ardhi. Walilima shamba la tajiri, wakagawana naye mavuno. Mbegu na chakula walikopa dukani. Mavuno yalipokuja, deni liliyameza yote.

Chakula chao kilikuwa unga wa mahindi, mafuta ya nguruwe na asali ya miwa. Basi. Wengi walishikwa na ugonjwa uitwao pelagra. Ngozi inababuka, tumbo linaharisha, akili inachanganyikiwa, na mwisho mtu anakufa. Siku hizi tunajua kwamba pelagra huwapata watu wanaokula mahindi karibu matupu, bila maharage, samaki, nyama wala karanga. Karanga zina kwa wingi ile vitamini inayozuia ugonjwa huo. Wewe mla ugali, kumbuka hilo unapozitazama karanga zako ghalani.

Carver aliwaambia wakulima wabadilishe mazao. Mwaka huu pamba, mwaka ujao kunde au karanga. Ng'oa shina la karanga utazame mizizi yake. Utaona vinundu vidogo kama punje za ulezi. Ndani ya vinundu hivyo wanaishi vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo huchukua naitrojeni iliyomo hewani na kuifanya chakula cha mmea. Mkulima akiacha mizizi na majani shambani, ardhi hupata mbolea ambayo hakuinunua. Carver pia aliwafundisha kuokota majani ya msituni na matope ya bwawani na kuyaozesha, kwa sababu mbolea ya dukani hawakuwa na fedha ya kuinunua.

Shule juu ya magurudumu

Wakulima hawakuweza kuja chuoni. Basi chuo kiliwafuata. Mwaka 1906 Carver na wenzake walitengeneza gari la kukokotwa na nyumbu. Sisemi nyumbu wa porini. Huyu ni mnyama wa kufugwa, mama yake farasi na baba yake punda. Gari lilipakiwa majembe, mbegu na vyombo vya maziwa. Lilikwenda kijiji hadi kijiji, likasimama, watu wakakusanyika, mafundisho yakaanza shambani na jikoni. Aliyetoa fedha za gari aliitwa Morris Jesup, nalo likaitwa gari la Jesup.

Wazee wetu watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Watu walikaa kwa vikundi wakasikiliza redio, wakajadiliana, wakaenda kuchimba choo au kulima bustani. Gari la Jesup lilikuwa kazi ya namna hiyo, kabla redio haijaingia majumbani.

Niruhusu niruke mbele kidogo, nije karibu na kwetu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika. Ilitaka mafuta ya kula, kwa sababu yalikuwa haba baada ya vita. Mashamba yalifyekwa Kongwa, Nachingwea na Urambo. Urambo pengine unapajua: ukitoka Mpanda kwa treni kwenda Tabora, ukishapita Kaliua, unafika. Waliletwa wataalamu wengi na matrekta mengi. Lakini mvua ya Kongwa haikutosha, na jua lilipowaka udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji. Mashine zilivunjika. Mwaka 1951 mpango uliachwa, zaidi ya pauni milioni 30 zimepotea. Wagogo wa Kongwa walikuwa wameijua mvua yao kwa vizazi vingi. Carver angeanza kwa kuwauliza wao.

Kutoka shambani hadi jikoni

Turudi Alabama. Karibu mwaka 1910 mdudu mmoja aliingia jimbo lile. Ni mdudu mdogo aina ya fukusi, mwenye mdomo mrefu. Alitoboa vitumba vya pamba na kutaga mayai ndani yake. Mashamba yakaharibika. Sasa hata wale waliomdharau Carver walianza kulima karanga.

Hapo lilitokea swali ambalo kila mkulima hulijua. Nikishavuna, nizipeleke wapi? Kumwambia mtu alime ni rahisi. Magunia yakijaa nyumbani na mnunuzi hayupo, aliyekushauri ndiye unayemkasirikia. Carver aliona kwamba zao lisilo na mnunuzi lazima kwanza liwe chakula cha mwenye shamba. Kwa hiyo aliingia jikoni. Hakuona haya, maana jikoni alikulia.

Mwaka 1916 alitoa kijitabu cha karanga. Mwanzoni kilieleza namna ya kuzilima. Kisha kilitaja njia 105 za kuzipika: supu, mikate, keki, na biskuti za aina mbalimbali. Kiliandikwa kwa maneno mepesi, ili mtu aliyejua kusoma kidogo amsomee jirani asiyejua.

Biskuti moja katika kijitabu hicho inahitaji vitu hivi. Unga wa ngano vikombe 3. Karanga zilizosagwa kikombe 1 na nusu. Sukari kikombe 1. Siagi nusu kikombe. Maziwa kikombe 1. Mayai 2. Baking pauda kijiko 1 cha chai. Katika hivyo, karanga, mayai na maziwa unaweza kuvipata kijijini. Unga, sukari, siagi na baking pauda utanunua dukani.

Kabla ya yote, chagua karanga. Toa zote zenye ukungu, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi, uzitupe. Usiwape kuku. Ukungu ule unaweza kuwa na sumukuvu, sumu inayoharibu ini, nayo haiondoki kwa kukaanga wala kwa kuoka. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Karanga zilizoanikwa zikakauka vizuri juu ya turubai au mkeka, si juu ya ardhi tupu, ndizo salama zaidi.

Sasa zikaange bila mafuta, zipepete maganda, uzitwange. Zikibaki chenga chenga ni vizuri, utazisikia menoni. Piga siagi na sukari kwa mwiko mpaka vilainike na kuwa vyeupe. Tia mayai uliyoyapiga. Tia maziwa na unga uliochanganywa na baking pauda, kidogo kidogo. Karanga tia mwisho. Mchanganyiko utakuwa mzito, lakini utadondoka kwenye kijiko.

Kama huna jiko la kuokea, chukua sufuria kubwa. Weka mchanga mkavu chini yake, ufunike, uipashe moto. Paka siagi kwenye sahani ya bati, dondosha kijiko kimoja kimoja cha mchanganyiko, ukiacha nafasi, maana biskuti hutanuka. Weka sahani juu ya mchanga. Funika, kisha weka makaa ya moto juu ya mfuniko. Makaa ya chini yawe machache kuliko ya juu. Hapa ndipo wengi hukosea: moto wa chini ukizidi, biskuti zinaungua tako na katikati ni mbichi. Baada ya robo saa hivi chungulia. Zikiwa na rangi ya kahawia, epua. Zitakuwa laini. Ziache zipoe, zitakauka zenyewe.

Siku hizi Wamarekani wengi huchanganya karanga na chokoleti katika biskuti zao, na watoto huzipenda sana. Chokoleti hutokana na kakao, na kakao inalimwa hapa hapa Tanzania, hasa Kyela mkoani Mbeya. Ukipata unga wa kakao, tia vijiko 2 vikubwa, na upunguze unga wa ngano kiasi hicho hicho. Mama mwenye kuuza maandazi shuleni anaweza kujaribu sahani moja kwanza aone kama zinanunuliwa.

Watu husema Carver ndiye aliyegundua siagi ya karanga. Si kweli. Watu wa Amerika ya Kusini, ambako mmea huu ulitoka kabla Wareno hawajauleta Afrika, walisaga karanga tangu zamani. Bibi zetu nao walizitwanga kwa kinu bila kusubiri mtu wa Alabama. Husemwa pia kwamba alibuni vitu 300 vya karanga: rangi, sabuni, maziwa, dawa ya ngozi na vingine. Ni kweli alitengeneza vitu vingi sana, lakini vingi vilijulikana kabla yake, na vichache tu vilifika dukani. Mimi naona sifa yake kubwa iko katika kile kijitabu kidogo.

Mbele ya wabunge

Mwaka 1921 wakulima wa karanga wa Marekani walitaka serikali itoze ushuru karanga kutoka nje, kwa sababu ziliuzwa kwa bei ya chini mno. Walimtuma Carver akawasemee mbele ya kamati ya bunge mjini Washington. Alipewa dakika 10. Wabunge wengine walimfanyia mzaha kwa sababu ya rangi yake. Hakuwajibu kwa hasira. Alifungua sanduku lake, akaanza kutoa kitu kimoja baada ya kingine: unga, maziwa ya karanga, peremende. Dakika 10 zilipokwisha, wabunge walimwambia aendelee kadiri apendavyo. Ushuru uliwekwa mwaka 1922.

Kuanzia hapo jina lake lilienea dunia nzima. Matajiri walimtaka kwa mshahara mkubwa, akakataa. Hakuoa. Aliishi chumbani chuoni, akavaa koti lile lile la zamani, lakini kila siku aliweka ua bichi kwenye tundu la kifungo. Nchi iliyomsifu iliendelea kumbagua. Katika treni na hoteli za kusini hakuruhusiwa kukaa na wazungu, hata alipokuwa mzee mwenye sifa.

Alifariki tarehe 5 Januari 1943, baada ya kuanguka. Akiba yake yote, karibu dola 60,000, aliiacha kwa ajili ya utafiti Tuskegee. Alizikwa karibu na kaburi la Booker T. Washington.

Mwezi Julai mwaka huo huo serikali ya Marekani ilitenga shamba la Moses Carver pale Diamond kuwa mahali pa kumbukumbu yake. Hakuna Mmarekani mweusi aliyekuwa amepewa heshima hiyo kabla yake. Watu huenda huko mpaka leo. Huona kijito, msitu alimoficha miche yake, na mahali ilipokuwa nyumba ndogo ambamo Mary alitekwa usiku ule na mtoto wake.